Ini Lililokwenda Ugenini

Siku Gerishon Muchiri alipoingia dukani kwa Athman na sahani iliyofunikwa kwa kawa, hapakuwa na dalili yoyote mbaya. Paka alikuwa amelala juu ya godoro la kuuza. Jua lilikuwa la kawaida. Kunguru hakulia, na bundi wote wa Nairobi walikuwa na shughuli zao kwingine. Nayasema haya mapema kwa sababu kila ninaposimulia kisa hiki hutokea mjuaji akauliza, "Kwani hapakuwa na ishara?" Hapakuwa. Mchawi mwenye akili zake haji na ngoma.

Athman alikuwa mjomba wa mke wangu, kwa hivyo kisa hiki sikukiokota kinyozini. Alikuwa mtu wa Lamu, mwembamba, mpole, muuza magodoro, mito na mapazia pale Ngara. Alikuwa na pengo la jino moja la mbele, alilolipata ujanani alipofungua chupa ya soda kwa meno ili msichana mmoja amcheke kwa mahaba. Msichana alicheka kweli, ila si kwa mahaba. Pombe Athman hakuwahi kuionja. Hata dawa ya kikohozi aliinusa kwanza, akaisomea, ndipo akainywa.

Gerishon ndiye aliyekuwa na duka la viatu Adams Arcade na nyumba Loresho, aliyoinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Kusema kwamba Gerishon alikunywa ni kama kusema ziwa lina unyevunyevu. Alikunywa bia, na siku za mapumziko alikunywa muratina ya asali iliyochachushwa nyuma ya nyumba yake. Akilewa alishikwa na kwikwi ya peke yake, kwikwi iliyomalizikia kwa mluzi kama birika linalokaribia kuchemka: *hik-fyuu!* Majirani wa Adams Arcade hawakuhitaji saa ya kuwaambia wakati wa kufunga duka.

Hiyo ilikuwa siku ya pili ya Idi ya kuchinja, mwanzoni mwa mwaka 1974. Gerishon aliingia taratibu, akaketi kwa kujishusha kama mtu anayetua gunia. Mabega yalikuwa yamekwisha. Tumbo lilikuwa limetangulia. Macho yake yalikuwa manjano kama kiini cha yai.

"Salaam aleikum, mla halua."

"Waleikum salaam, mla viazi. Mbona leo umeleta wewe? Kila Idi nachinja mimi."

"Mwaka huu nimekuonea huruma, bwana. Hiyo mgongo yako imezeeka. Hii mbuzi ni ya Shamsudin buchari, amechinja na bismillahi yake yote. Kula, wacha maswali."

Athman akafunua kawa. Ndani palikuwa na ini la kuchoma, limekatwa vipande viwili, chumvi imenyunyizwa juu.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, la sivyo utadhani nakusimulia mambo ya mkahawa.

Wakati wa Hali ya Hatari, majoni, wale askari wa Kiingereza, walipokuwa wakiwazoa Wakikuyu mitaani kama takataka, Athman alikuwa kijana wa kuuza katika duka la magodoro la Mhindi. Gerishon alimfahamu kwa kununua mto mmoja tu kwake. Lakini asubuhi moja aliingia mbio, hana pumzi, na Athman hakuuliza. Alipasua robota la sufi, akamsukumiza ndani kama anayejaza godoro, akalishona. Majoni walipofika, mmoja alianza kuchoma marobota kwa singe ya bunduki yake. Akachoma la kwanza. Akachoma la pili. La tatu ndilo lililokuwa na mtu.

Singe iliingia upande wa kulia, chini ya mbavu. Gerishon hakutoa sauti. Sufi ikaifuta singe ilipokuwa ikitoka, joni akaona chuma kikavu, akaondoka. Doa lilipoanza kujitokeza, Athman alilikalia. Alikalia doa lile mpaka majoni wakaisha barabarani, akitabasamu kama bwana harusi, kanzu yake ikilowa.

Alimshona kwa sindano ya godoro. Aliyemshikia taa alikuwa Bi Kijakazi, bibi wa Pwani aliyepika mahamri uani. Na Gerishon alipopona, Bi Kijakazi ndiye aliyesema, "Nyinyi sasa si wauzaji na wanunuzi. Chanjianeni, muwe ndugu."

Basi wakachanjiana. Bi Kijakazi aliwachanja chale kifuani, kila mmoja, akachukua ini la mbuzi la kuchoma, akagusa damu ya huyu, akamlisha yule. Athman alisema bismillahi na astaghfirullahi kwa pumzi moja. Ini la huyu likawa la yule, na la yule likawa la huyu. Kisha yule bibi akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Tangu leo mtataniana mpaka mchoke. Mtaitana mbwa, punda, nguruwe..."

"Nguruwe hapana," alisema Athman.

"Nyamaza. Mtaitana yote, lakini neno moja msiitane hata kwa mzaha. *Haini*. Mwajua haini ni nani? Ni mtu ha-ini. Hana ini. Aliyeapa kwa ini, akaitwa neno hilo na ndugu yake kwa haki, huwa vile alivyoitwa."

"Na ikiwa si kwa haki?" aliuliza Gerishon.

"Basi hugeuka likamla aliyelisema."

Wakacheka, vijana wale. Lakini hawakuitana. Bi Kijakazi alikufa, akazikwa, nchi ikapata uhuru, Gerishon akapata duka na Athman akapata lake. Kila Idi ya kuchinja walikula ini pamoja, kipande na kipande. Walitukanana matusi ambayo mtu mwingine angeyapigania mahakamani. Neno lile halikuwahi kutoka. Gerishon alikuwa kwa Athman kile ambacho watu wa kwao hukiita nyongo mkalia ini: hakuna aliye karibu zaidi.

Sasa unajua sahani ile ilikuwa ya nini.

Athman akala kipande chake. Akamsogezea mwenzake cha pili.

"Siwezi," alisema Gerishon. "Daktari amenikataza nyama. Kula na yangu."

Athman akasita. Desturi ilikuwa kila mtu ale. Lakini mtu wa Lamu akikataa chakula alicholetewa na mgonjwa, ni afadhali amtemee mate. Adabu ndiyo iliyomponza. Akakiinua kipande cha pili, akakiuma.

"Umepokea?" aliuliza Gerishon.

"Nakula, huoni?"

"Sema umepokea, Athumani."

"Haya, bwana mkubwa. Ini lako nimelipokea kwa mikono miwili. Mwenyezi Mungu akuponye."

Gerishon alicheka. Halafu machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja, akasema ni vumbi la sufi. Kabla Athman hajamaliza kipande kile, alikuwa ameichukua sahani pamoja na masazo yenye alama za meno, akaifunika na kutoka. Paka aliamka. Alimnusa Athman mdomoni, akarudi nyuma kinyumenyume mpaka barabarani, na hakuonekana tena dukani.

Masika yalipoingia, macho ya Athman yalikuwa manjano.

Tumbo likamvimba. Chakula kikamkataa. Mkewe Zainab alimpa mvuje, akampa mdalasini, akampa kombe la aya za Kurani, kisha akampa nauli ya kwenda hospitali. Alilazwa katika hospitali moja upande wa magharibi mwa mji, na kwa kuwa uvimbe ulikuwa upande wa ini, wakakata shauri wampasue waone.

Alipozinduka, mbavu zilikuwa zimefungwa bendeji na kinywa kimekauka. Zainab alikuwa ameketi ubavuni pake, buibui limeshuka mabegani. Mbele yake alisimama daktari mpasuaji, Mwingereza mrefu aliyejifunza Kiswahili kwa mpishi wake, na kwa kukisikiliza ungejua kwamba yule mpishi hakumpenda.

"Bwana Athman. Wewe nakunywa pombe miaka ngapi?"

"Mimi? Sijawahi kuionja, daktari."

"Watu yote nasema hivyo." Daktari akatikisa kichwa. "Ini yako nakuwa gumu kama jiwe. Hii ni ini ya mlevi. Mlevi kubwa. Mimi nakata pahali mbaya, natoa maji. Sasa wewe nalala, napumzika, hapana kunywa tena."

Wodi nzima ilikuwa ikisikiliza. Athman alimgeukia Zainab. Zainab alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe.

"Tena naona kitu ingine," alisema daktari, sauti ikapungua. Akagusa upande wa kulia, chini ya mbavu, nje ya bendeji. "Katika ini iko alama. Zamani sana kisu kubwa naingia hapa. Lakini ngozi yako hapana alama. Mimi hapana jua kisu gani naweza kuingia nyumba bila kupita mlango."

Athman alikijua kile kisu. Alilikalia doa lake.

"Huko ng'ambo," daktari akaendelea kama mtu anayejifurahisha mwenyewe, "siku hizi wanabadilisha ini. Natoa ya huyu, natia kwa yule. Hapa Kenya bado."

"Hapa Kenya bado," Athman alirudia polepole.

Na chini ya bendeji, ini lile lililokuwa ndani yake likapiga mara moja, kama mtu anayebisha hodi kutoka ndani.

Daktari alisema maneno mawili, la pombe na la kisu. Zainab alisikia moja. Alisubiri mpaka daktari akaenda zake, akainama.

"Miaka yote nakufulia kanzu, Athman. Ulikuwa ukiificha wapi?"

"Zainab, wallahi..."

"Usimtaje Mungu kwa mdomo unaonuka."

Athman akajipumulia kiganjani. Ilikuwa kweli. Mdomo wake, ambao tangu asubuhi haukuwa umepokea ila maji ya kijiko, ulinuka asali iliyochacha.

Siku zilizofuata zilikuwa za aibu, na aibu ni ugonjwa ambao hospitali haina kitanda chake. Kila asubuhi Sista Kalekye, muuguzi wa zamu, aliinua mto wake akitafuta chupa. Hakuipata, na kwa kuwa hakuipata alizidi kumshuku. "Mzee, wewe ni fundi," alimwambia. "Mimi nimeshika walevi wa kila aina. Mmoja alikuwa anaficha kwa mguu ya plasta. Lakini wewe, aki ya Mungu, wewe ni profesa." Wagonjwa wa wodi wakampachika jina la Maalim Chupa. Akiamka kutayamamu kwa ajili ya sala, kitanda cha pili walikuwa wakikohoa kwa kicheko. Ucheshi wa wodi ni mkali, kwa sababu anayecheka naye anaogopa.

Lakini lililomuuma si kicheko. Lilikuwa uji. Zainab alikuwa akimletea uji wa mchele kila adhuhuri. Sasa aliuweka mezani, akasimama mbali, hakuketi.

"Narudi kwetu Lamu," alimwambia siku moja. "Nitawachukua watoto. Siwezi kuwalea kwa mtu aliyenidanganya tangu siku ya nikahi."

"Muulize Gerishon," alisema Athman. Sauti ilimtoka kama uzi. "Yeye ndiye mnywaji. Kila mwaka ananikaribisha, kila mwaka nakataa. Hakuna ajuaye kama yeye."

Zainab alifikiri. "Haya. Akisema hukunywa, nitakuomba radhi hapa mbele ya wodi nzima. Akisema ulikunywa, kesho napanda basi."

Utauliza: kwani Athman alikuwa hajatambua? Alitambua, ndugu yangu. Alitambua tangu daktari alipogusa ubavu. Lakini kutambua ni kwa kichwa, na mapenzi hayakai kichwani. Alijilaza pale akimtetea Gerishon dhidi ya ushahidi wote. Labda hakujua alichokuwa akikifanya. Labda aliambiwa ni dawa tu. Labda akimwona hivi atalia, atasema, atalirudisha. Mtu aliyesalitiwa ndiye wakili wa mwisho wa msaliti wake.

Gerishon alikuja kesho yake, saa za kutazama wagonjwa, mvua ikipiga vioo.

Athman alimsikia kabla ya kumwona, na safari hii nyayo zake zilikuwa nyepesi. Tumbo lilikuwa limelala. Suti ilikuwa mpya. Alisimama mbele ya kitanda, na macho yake yalikuwa meupe kama nyama ya dafu.

"Sasa, mla halua," alisema. Lakini alisema akitazama bendeji.

Zainab hakumpa nafasi ya kuketi. "Shemeji, nakuuliza mbele yake. Huyu mume wangu, umewahi kumwona akinywa?"

Mvua tu. Athman alimtazama ndugu yake. Alimtazama tu, kama alivyomtazama siku ile alipokuwa akilipasua robota la sufi.

Gerishon akashusha pumzi.

"Shemeji, mimi sipendi kuvunja boma ya mtu. Lakini ukweli ni ukweli. Huyu amekunywa kwangu miaka mingi. Hizo Jumamosi anakwambia anaenda kutafuta sufi, alikuwa kwangu Loresho. Mimi nilimwambia aache. Alikataa."

Zainab alijifunika uso kwa buibui. Hakulia kwa sauti. Aliokota bakuli la uji, ambalo lilikuwa bado limejaa, akatoka nalo.

Wakabaki wawili. Wagonjwa wengine walikuwa na wageni wao. Gerishon akaketi ukingoni mwa kitanda, na wote wawili wakazungumza kwa kunong'ona, kama zamani, mmoja ndani ya robota na mmoja nje.

"Kwa nini?" aliuliza Athman.

"Nilikuwa nakufa, Athumani."

"Ungeniomba."

"Ungenipa?"

Athman aliwaza kwa dhati, maana alikuwa mtu wa haki. "Ningekupa nusu."

Gerishon akatabasamu kwa huzuni, huzuni ya kweli kabisa, na hilo ndilo lililotisha. "Nusu haingetosha, ndugu yangu. Mimi nilitaka kuendelea kunywa."

Mvua ikazidi.

"Basi," alisema Athman. "Ini umelichukua. Na Zainab? Heshima yangu uliitakia nini?"

"Watu wataangalia hiyo ini, watasema ni ya mlevi. Kama si yako, wataanza kuuliza ni ya nani. Nilifikiria sana, bwana. Usidhani sikufikiria."

Hapo ndipo kitu kilipokatika. Si ini. Ini lilikuwa la mwenziwe. Kilichokatika kilikuwa chake Athman, cha mwisho alichobaki nacho.

Akafungua kinywa.

Gerishon aliliona neno likija. Rangi ikamtoka. Akamshika mkono.

"Usiseme. Athumani, tafadhali. Niite kitu yote. Niite mbwa. Niite punda. Niite nguruwe..."

"Nguruwe hapana," alisema Athman, kwa mazoea.

Na kwa nukta moja, Mungu ni shahidi, walikaribia kucheka. Midomo yao ilianza. Ungewaona kwa mbali ungesema: wale marafiki. Kisha Athman aliona bakuli halipo mezani.

"Haini," alisema.

Hakulipigia kelele. Alilisema kama mtu anayemwita mwenzake kwa jina.

Gerishon alisimama. Akagusa ubavu wa kulia, polepole, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Akapapasa. Akagusa ubavu wa kushoto. Akarudi kulia. Shati lilikuwa kavu. Ngozi ilikuwa nzima.

"Athumani," alinong'ona. "Imeenda wapi?"

Akatoka. Alitembea ukumbini akijipapasa. Akageukia ngazi. Akasimama. Akaanguka.

Sista Kalekye alikimbia. Hapakuwa na damu hata tone.

Na kitandani, chini ya bendeji, kitu kikajilaza ndani ya Athman. Kwa upole. Kama msafiri anayetua mzigo wake na kuvua viatu.

Baada ya hapo macho yake yalianza kusafika. Tumbo likateremka. Daktari alimpima, akamrudia kumpima, akaita wenzake, wakambonyeza kama embe la sokoni. Alipokuja kumruhusu aende nyumbani, aliomba Zainab aitwe. Alimsubiri amesimama.

"Mama," alisema, na masikio yake yalikuwa mekundu. "Mimi nakosea. Mimi nasema mlevi. Sasa mimi nasema hapana. Hii ini hapana jua pombe hata kidogo. Mimi hapana jua siku ile naona nini. Samahani."

Wenye umri wangu wanajua uzito wa jambo hilo. Mwingereza kuomba radhi kwa Kiswahili, hata kibovu, ni muujiza unaoshinda kuhamishwa kwa ini. Zainab, ambaye basi la Lamu lilikuwa limemwacha kwa sababu ya msiba wa shemeji yake Gerishon, alitimiza ahadi. Alimwomba radhi Athman mbele ya wodi nzima, akitazama chini. Wagonjwa wakapiga makofi. Sista Kalekye, kwa tahadhari, akainua mto mara ya mwisho.

Nyumbani, ghorofani Ngara, alimtandikia karibu na dirisha. Alimpikia. Usiku alimnusa pumzi kwa siri akidhani amelala, akaona haina kitu, akamfunika shuka. Athman alikuwa macho. Alisamehe. Alitaka sana kusamehe angalau mtu mmoja.

Mjane wa Gerishon, jina lake Wangu, alikuja alasiri moja baada ya maziko. Alikuwa mwanamke mpana, mtulivu, kitambaa cheusi kichwani, mkoba mapajani. Zainab akamkaribisha, akaenda kuteleka maji ya chai. Wangu hakuanza na pole.

"Shemeji, walimpasua bwana yangu, Baba Njambi, kujua kilichomuua. Halafu wakaniita kwa ofisi, wakafunga mlango. Wakaniuliza alifanyiwa operesheni wapi. Nikawaambia hakuna. Ile alama ya singe tu, ya zamani. Wakaangaliana."

"Wakasema nini?"

"Walisema haiko."

"Nini haiko?"

"Hiyo." Akagusa ubavu wake. "Pahali yake hakuna. Hakuna kidonda, hakuna kushonwa. Lakini si tupu kabisa, shemeji. Kulikuwa na kipande ya nyama. Kidogo hivi. Ya mbuzi. Imechomwa, na chumvi bado iko juu."

Zainab alikuwa amerudi, birika mkononi, amesimama mlangoni. Hakumimina.

"Ilikuwa imeumwa," alisema Wangu. Sauti yake ilikuwa chini kabisa. "Daktari alinionyesha vile meno ilipita. Meno ilipita yote. Isipokuwa moja, hapa mbele."

Chini barabarani mchuuzi alikuwa akiita bei ya vitunguu.

"Shemeji. Fungua mdomo."

Athman alimtazama Zainab. Akafungua mdomo.

Wangu akainama. Aliliona pengo. Alilitazama kwa muda. Kisha pua yake ikatikisika, na uso ukambadilika. Haukuwa na hasira tena. Ulikuwa uso wa mke aliyesikia mlango wa nyumba ukifunguliwa. Alikuwa ameinusa muratina ile miaka mingi, ikichacha nyuma ya jiko lake Loresho, na kisha ikipanda naye kitandani. Hangeweza kuikosea.

Akaleta midomo karibu, karibu kabisa na kinywa cha Athman. Akanong'ona ndani yake.

"Baba Njambi?"

Athman alitaka kusema, Ni mimi, Athman, ini ni langu, limerudi. Alitaka kumwambia Zainab asiogope, kwamba kitu kikikaa ugenini hurudi na tabia za mwenyeji. Alijaribu. Lakini chini ya mbavu, upande wa kulia, kitu kilikwisha kuamka. Kikajinyoosha. Kikapanda.

*Hik-fyuu!*

Zainab aligeuza uso kuelekea jikoni, kama mtu aliyesikia birika limechemka.

Birika lilikuwa mkononi mwake.